Padre Gilbert White wa Selborne

1. KIJIJI CHA SELBORNE

Katika nchi ya Uingereza, upande wa kusini, liko jimbo liitwalo Hampshire, na katika jimbo hilo kipo kijiji kidogo kiitwacho Selborne. Kijiji hicho kimejengwa chini ya kilima kirefu, kama futi 300 kwenda juu, na ubavu wa kilima umefunikwa na msitu wa miti mikubwa yenye gome laini. Zamani njia za kwendea huko zilikuwa mbaya mno. Magurudumu ya magari na maji ya mvua yalizikata kwa karne nyingi, hata mahali pengine mpita njia alikuwa futi 16 au 18 chini ya mashamba, kama mtu apitaye katika handaki. Mvua ikinyesha njia ziligeuka vijito. Baridi ikizidi zilijaa barafu. Kwa hiyo wageni waliofika Selborne hawakuwa wengi. Mwaka 1783 watu wa mtaa ule walihesabiwa, wakaonekana kuwa 676 tu, wake kwa waume pamoja na watoto wao. Wengi wao walikuwa maskini, waliopata chakula chao kwa kulima, kupalilia na kukata miti.

Katika kijiji hicho, nyumbani kwa babu yake aliyekuwa padre wa mahali hapo, alizaliwa Gilbert White tarehe 18 Julai 1720. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana John White, mwanasheria, na baada yake wakazaliwa ndugu wengi. Babu yake naye aliitwa Gilbert, na mtoto akapewa jina lake. Jamaa walikaa mahali pengine kwa miaka michache, kisha wakarudi Selborne, wakakaa katika nyumba iitwayo The Wakes, karibu na kanisa. Katika nyumba hiyo Gilbert alilelewa, na katika nyumba hiyo alikufa.

Mtu huyu hakuwa mfalme, wala jemadari, wala msafiri wa nchi za mbali. Hakupata kuvuka bahari. Hata safari ya gari la farasi ilimtia kichefuchefu, akapenda zaidi kwenda juu ya mgongo wa farasi wake mwenyewe. Walakini jina lake limeenea mahali pengi duniani, kwa sababu ya jambo moja tu: alijua kutazama. Na kutazama huko hakuzaliwa nako, alijifunza.

2. KIJANA NA BUNDUKI YAKE

Gilbert alisoma katika mji wa Basingstoke, kisha akaenda Chuo cha Oriel huko Oxford, akapata shahada yake mwaka 1743. Siku zile vijana wa watu wenye nafasi walipenda sana kuwinda, na Gilbert alikuwa mmoja wao. Bunduki zao zilikuwa za gumegume. Baruti na marisaa vilishindiliwa kwa mdomo wa mtutu, na mwindaji alipovuta kifyatulio, jiwe la gumegume lilipiga chuma, likatoa cheche za kuwasha baruti. Mvua ikinyesha, mara nyingi bunduki ilikataa.

Wakati mzuri wa kuwinda kwale ulikuwa baada ya mavuno, ngano ilipokwisha kukatwa. Mwindaji alitembea katika mabua pamoja na mbwa wake. Mbwa alipopata harufu ya kwale waliojificha, alisimama kimya, mguu mmoja juu, pua mbele, asitikisike. Mara kwale wakaruka wote pamoja kwa kishindo cha mabawa, naye mwindaji akapiga wakiwa hewani. Hapo kale watu walinasa ndege kwa nyavu, au walimpiga akiwa chini. Lakini katika siku za Gilbert ustadi wa kumpiga ndege akiruka ulikuwa umeenea, nao ulitaka jicho la upesi na mkono thabiti.

Ili asipoteze ustadi huo, kijana Gilbert hakuiweka bunduki hata wakati wa joto. Aliwapiga ndege wadogo wageni, wale wafikao Uingereza kila mwaka jua linapoanza kuwa kali, na kutoweka baridi inapokaribia. Nia yake ilikuwa kuuzoeza mkono, usimtetemeke wakati wa baridi utakapofika na uwindaji wenyewe kuanza. Rafiki yake wa Oxford, John Mulso, alimkumbusha jambo hilo baadaye kwa mzaha, kwamba alikuwa mwenyeji asiye na ukarimu, apokeaye wageni kwa risasi. Mzaha huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Ndege walewale aliowapiga kwa mazoezi tu ndio waliokuja kumshughulisha maisha yake yote, naye akatamani kujua jambo moja juu yao kuliko mambo mengine yote ya dunia.

Mwaka 1747, akiwa Oxford, alishikwa na ndui, ugonjwa uliowaua watu wengi siku zile, Mungu akamponya. Mwaka 1749 akapewa daraja ya ukasisi.

3. AYALA WA MSITU WA WOLMER

Karibu na Selborne iko nchi pana ya mchanga, vichaka na kangaga iitwayo Msitu wa Wolmer. Urefu wake katika siku za Gilbert ulikuwa maili saba, na upana maili mbili na nusu. Ijapokuwa iliitwa msitu, haukuwamo mti hata mmoja uliosimama. Huko waliishi ayala wekundu, wanyama wakubwa wenye pembe za matawi, nao walikuwa mali ya mfalme. Wazee walimsimulia Gilbert jinsi Malkia Anne, alipokuwa akisafiri kwa njia ya Portsmouth, alivyosimama Wolmer makusudi, akaonyeshwa kundi lote la ayala likipita mbele yake, yapata 500.

Lakini mfalme hakuwa peke yake katika kuwapenda ayala wale. Sheria ya mwaka 1671 ilisema kwamba mtu asiyekuwa na ardhi ya kumpatia pauni 100 kwa mwaka asiwinde, isipokuwa wachache waliotajwa kwa cheo cha ukoo wao. Fedha hiyo ilikuwa nyingi mno. Hivyo mkulima mdogo aliweza kumwona sungura akila mboga zake asiwe na haki ya kumpiga. Maskini wengi hawakuikubali sheria hiyo mioyoni mwao. Wakaingia msituni usiku. Ikawa desturi mbaya katika nchi ile yote: kijana asiyepata kuiba ayala wa mfalme hakuhesabiwa na wenzake kuwa mwanamume. Wengine walijipaka masizi usoni wasitambulikane. Basi mwaka 1723 Baraza la Uingereza likatoa sheria kali kupita kiasi, kwamba mtu atakayeonekana na silaha msituni, uso wake umepakwa masizi, aweza kunyongwa. Sheria hiyo ilidumu miaka 100, hata sehemu yake kubwa ikafutwa mwaka 1823.

Gilbert aliwajua baadhi ya wezi wale walipokuwa wazee. Waliketi mbele ya vikombe vyao vya pombe wakisimulia mambo ya ujana wao. Walieleza jinsi walivyomvizia ayala jike mpaka alipozaa katika kangaga, wakamchonga mtoto wake kwato kwa kisu, asiweze kukimbia mpaka anenepe na kufaa kuchinjwa. Walisimulia jinsi mmoja wao alivyompiga jirani yake risasi usiku wa mbalamwezi katika shamba la mboga, akidhani ni ayala. Tena walisimulia habari ya watu fulani walioshuku kwamba mtoto wa ayala amefichwa mahali penye kangaga nyingi, wakamwachilia mbwa amkamate. Mara mama yake akatoka mafichoni kwa kasi, akaruka juu na miguu yote minne akaikusanya pamoja, akamshukia mbwa shingoni, akamvunja. Mnyama yule aliyezoea kumkimbia mwanadamu na mbwa hakukimbia alipokuwa na mtoto.

Hata mwisho wa ayala hao ukafika. Walipokuwa wamepungua sana, Duke wa Cumberland, mwana wa mfalme, akatuma wapanda farasi waliovaa makoti mekundu pamoja na mbwa, wawakamate wote wakiwa hai na kuwapeleka Windsor. Gilbert alimwona mpanda farasi mmoja akimtenga dume na kundi lake, akastaajabu kwa ustadi wake. Wolmer ikabaki bila ayala. Askofu wa Winchester naye aliombwa kuwarudisha ayala katika msitu mwingine uitwao Waltham, akakataa, akisema kwamba wanyama hao wamekwisha leta maovu ya kutosha.

Tena palikuwa na ndege mmoja wa nchi ile, wa jamii ya kwale, mkubwa kama kuku, na dume lake jeusi. Gilbert alipokuwa mtoto, ndege huyo aliletwa mara kwa mara mezani kwa baba yake. Alipokuwa mtu mzima hakuonekana tena. Wazee walisema ndege hao walikuwa wengi sana zamani, kabla watu wengi hawajajifunza kupiga ndege akiruka. Na kundi lao la mwisho likauawa. Vivyo hivyo katika miaka ya ukame ya 1740 na 1741 kwale waliongezeka sana, na wawindaji wasio na kiasi waliua jozi 20, hata 30, kwa siku moja. Gilbert aliyaandika mambo hayo bila hasira, lakini hakuyasifu.

4. DAFTARI

Mtu mwenye elimu ya Oxford aliweza kupata kazi kubwa mahali pa mbali. Kwa Selborne hakuweza kuwa padre mkuu, kwa sababu cheo hicho kilikuwa mkononi mwa chuo kingine, wala si chuo chake. Gilbert akachagua kubaki. Akawa kasisi msaidizi katika mtaa wa jirani wa Farringdon kwa miaka zaidi ya 20, na mwishoni akawa kasisi msaidizi hapohapo Selborne. Hakuoa. Alibatiza, aliozesha, alizika, alilima bustani yake pamoja na mtumishi wake Thomas, na kila siku alitembea.

Mwaka 1751 alianza kuandika daftari la bustani: siku gani amepanda, mbolea kiasi gani, matikiti yametoka lini. Kisha mwaka 1768 akaanza daftari kubwa zaidi, lenye mistari ya kuandikia baridi na joto, upepo, mvua, miti iliyochanua, ndege waliofika na wadudu walioonekana. Akaliandika kwa muda wa miaka 25, hata mwezi uleule aliokufa.

Bunduki yake hakuiacha kwa siku moja. Pole pole daftari lilichukua mahali pake. Hata katika utu uzima wake, ndege mgeni alipoonekana mara nyingi aliuawa, akaletwa mezani, akapimwa na kuchunguzwa. Hiyo ndiyo desturi ya wataalamu wote wa siku zile. Lakini Gilbert aligundua kwamba ndege aliyekufa hueleza machache. Hueleza rangi ya manyoya yake na uzito wake tu. Haelezi anaimbaje, anakula nini, anajengaje kiota, wala anawapendaje watoto wake. Mambo hayo huyapata mtu anyamazaye na kungoja.

Kwa mfano, walikuwako ndege wadogo wa rangi ya majani makavu ambao watu waliwadhani kuwa wa namna moja. Gilbert aliwasikiliza. Mmoja alirudiarudia sauti mbili tu. Wa pili alikuwa na wimbo laini ushukao kidogo kidogo. Wa tatu alikaa juu kabisa penye vilele vya miti, akatoa sauti ya mtetemo huku akitikisa mabawa. Baada ya kuwatambua kwa sikio aliwachunguza kwa jicho, akaona kwamba hakika ni ndege wa namna tatu. Wataalamu wa London wenye vitabu vingi hawakujua neno hilo. Padre wa kijijini alilijua.

Tena alimtambua panya mdogo akaaye katika ngano, ambaye wataalamu wa Uingereza hawakuwa wamemwandika. Wakulima walimjua siku zote, lakini hakuna aliyewauliza. Gilbert aliweka panya wawili katika mizani, wakawa na uzito sawasawa na sarafu moja ya shaba ya nusu peni. Kiota chao kilisukwa kwa majani ya ngano, mviringo kama mpira, na ndani yake walikuwamo watoto wanane.

Aliwatazama bundi waliokaa chini ya mapaa ya kanisa. Akashika saa mkononi wakati wa jioni, akaona kwamba wale wawili, mume na mke, waliwaletea watoto wao panya mmoja karibu kila dakika tano. Watu wengi humchukia bundi. Lakini mkulima akihesabu panya hao kwa usiku mmoja, ataona kwamba ana mlinzi wa ghala asiyedai mshahara.

Hata nyungunyungu hakuwadharau. Aliandika mwaka 1777 kwamba wadudu hao, waonekanao kuwa si kitu, hutoboa ardhi, huingiza maji ndani yake, huvuta majani chini, hutoa udongo mzuri juu. Na kama wasingekuwako, ardhi ingekuwa ngumu na baridi, isizae vema. Baada ya miaka zaidi ya 100 mtaalamu mkubwa Charles Darwin akatoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu, mwaka 1881, akathibitisha kazi yao kwa vipimo.

5. KUNGURU NA KOBE

Habari mbili ambazo Gilbert alizisimulia hupendwa sana na wasomaji wake.

Ya kwanza ni ya mti. Katika msitu mmoja wa Selborne palikuwa na mti mrefu wenye uvimbe mkubwa katikati ya shina lake. Juu yake kunguru wakubwa wawili walijenga kiota miaka mingi. Vijana wa kijiji, kizazi baada ya kizazi, walijaribu kuupanda. Lakini kila mmoja alipofika penye uvimbe alishindwa, akashuka. Basi mti ukatakiwa kukatwa kwa mbao. Ulikuwa mwezi wa Februari, wakati ndege hao walaliapo mayai. Msumeno ukakata, kabari zikapigwa, msitu ukavuma kwa nyundo, mti ukaanza kuinama. Kunguru jike hakuondoka. Mti ulipoanguka, alirushwa kutoka kiotani, na matawi yakampiga hata akaanguka chini amekufa. Gilbert aliona kwamba upendo wa mama yule ulistahili mwisho mwema zaidi.

Ya pili ni ya kobe. Shangazi yake, Bibi Rebecca Snooke, aliyekaa Ringmer katika jimbo la Sussex, alifuga kobe miaka mingi, aliyeitwa Timothy. Shangazi alipokufa mwaka 1780, Gilbert alimrithi kobe huyo. Alimfukua udongoni alikokuwa amelala kwa ajili ya baridi, akamtia katika sanduku la udongo, akamchukua kwa gari mwendo wa maili 80 mpaka Selborne. Toka siku hiyo Timothy alipata nafasi yake katika daftari: lini ameamka, lini ameingia ardhini, amekula nini, jinsi alivyoiogopa mvua ingawa alivaa nyumba ya mfupa mgongoni. Siku moja Gilbert alimwita kwa parapanda ya kusemea, ile itumiwayo na manahodha. Kobe hakujali kelele zile hata kidogo. Alipokufa Timothy, mwaka mmoja baada ya bwana wake, gamba lake lilihifadhiwa, na mpaka leo limo katika nyumba ya makumbusho ya London. Wataalamu walipolichunguza waliona kwamba Timothy alikuwa jike. Hivyo hata mtazamaji hodari aweza kukosa jambo lililo bustanini mwake.

6. SWALI LA MBAYUWAYU

Sasa inafaa kueleza jambo lile ambalo Gilbert alitamani kulijua kuliko yote. Kila mwaka, katika mwezi wa Aprili, mbayuwayu walifika Selborne. Walijenga kwa udongo katika mabomba ya moshi na mazizi, wakalea watoto wao, wakaruka juu ya vidimbwi wakikamata wadudu. Ilipofika Oktoba walitoweka. Je, walikwenda wapi?

Nabii Yeremia alikwisha mtaja mbayuwayu miongoni mwa ndege wajuao majira yao. Lakini mahali pao hakupataja. Katika siku za Gilbert wenye elimu walibishana. Wengine walisema kwamba huvuka bahari kwenda nchi za joto. Wengine walisema kwamba hawawezi, kwa kuwa ni wadogo mno. Bali hulala kama wafu wakati wote wa baridi, katika mashimo ya kuta, katika vichaka, hata chini ya maji matopeni. Jaji Daines Barrington, aliyeandikiana barua na Gilbert toka mwaka 1769, alikuwa mmoja wa wale walioamini usingizi huo.

Gilbert hakutaka kuamini kwa sababu tu mkubwa amesema. Alitafuta ushuhuda. Ndugu yake John alikuwa kasisi wa askari huko Gibraltar, penye mlango mwembamba wa bahari kati ya Ulaya na Afrika. Akamwandikia kwamba wakati wa masika ya Ulaya makundi ya ndege huvuka pale kwenda kaskazini, na wakati wa baridi inapokaribia hurudi kusini. Tena Gilbert mwenyewe, alipokuwa akisafiri kwa farasi asubuhi moja ya ukungu mwishoni mwa Septemba, aliwaona mbayuwayu wengi mno wametua juu ya vichaka vifupi, kana kwamba wamelala hapo. Ukungu ulipoondoka na jua likatoka, wote waliruka kwa mara moja, wakaenda polepole, bila haraka, kuelekea kusini, upande wa bahari.

Mtu mwingine angalisema, Basi, yamekwisha. Lakini Gilbert alikuwa ameona jambo jingine pia. Miaka mingine, katika Novemba, siku ikiwa na joto kidogo, mbayuwayu mmoja au wawili walionekana ghafula. Hao walitoka wapi, kama wote wamekwenda ng'ambo? Hakuweza kulijibu, wala hakulificha. Katika mwaka 1781, kabla ya ndege kufika, aliajiri watu wakachunguza vichaka na mashimo ya kilima cha Selborne, wawatafute waliolala. Hawakuona hata mmoja. Hata hivyo Gilbert hakukata neno. Aliandika yanayounga mkono upande huu na yanayounga mkono upande huu, akaendelea kutazama. Barua zake juu ya mbayuwayu na ndege wa jamii yao zilisomwa mbele ya Chama cha Kifalme cha wataalamu, London, katika miaka ya 1774 na 1775.

Padre Gilbert White alikufa tarehe 26 Juni 1793, mbayuwayu wakiwa wangali wanaruka juu ya bustani yake. Jibu hakulipata. Alizikwa penye kanisa la Selborne, na juu ya kaburi lake likawekwa jiwe dogo lenye herufi mbili za jina lake na tarehe ya kufa kwake, basi.

7. KITABU NA PETE

Miaka michache kabla ya kufa kwake, barua zake nyingi zilikusanywa kuwa kitabu kimoja cha habari za viumbe na mambo ya kale ya Selborne. Aliyekitoa ni ndugu yake Benjamin, muuza vitabu wa London, na mwaka uliopigwa juu yake ni 1789. Gilbert alichelewa sana kukimaliza, kwa kuwa kila mara aliona kuna jambo jingine la kuhakikisha kwanza. Kitabu hicho kimechapwa mara nyingi mno, hata hakijapata kukosekana kwa wasomaji toka siku hiyo mpaka leo. Nyumba yake nayo imekuwa makumbusho toka mwaka 1955.

Na swali la mbayuwayu? Mwezi wa Mei 1911 mtu mmoja wa Cheadle, katika jimbo la Staffordshire, alimkamata mbayuwayu aliyekuwa akijenga nyumbani kwake. Hakumwua. Alimvika mguuni pete nyepesi ya chuma, yenye namba na anwani ya London, akamwachilia. Mwezi wa Desemba 1912 barua iliandikwa kwenda London kutoka Natal, katika Afrika ya Kusini, ikisema kwamba mbayuwayu mwenye pete hiyo amekamatwa ndani ya nyumba shambani. Mwendo wake ni kama maili 6,000. Ilikuwa miaka 119 baada ya kufa kwa Padre White. Ndege yule mdogo, asiyefikia uzito wa sarafu chache, alikuwa amevuka bahari, jangwa la Sahara na misitu mikubwa ya Afrika.

Siku hizi watoto wa Afrika Mashariki nao huwaona mbayuwayu wa namna hiyohiyo, kuanzia Septemba hivi mpaka Aprili, wakiruka juu ya mashamba au wamepangana juu ya nyaya. Wengi wao hutoka nchi nyingine za Ulaya na Asia, lakini ni ndugu za wale wa Selborne. Jambo alilolitafuta Padre White katika vichaka vya kilima chake, mtoto wa shule aweza kuliona akiinua macho yake tu.

Lakini kuona si kutazama. Wakulima wa Selborne waliwaona panya wa ngano miaka mingi. Vijana waliwaona kunguru. Wawindaji waliwaona kwale weusi mpaka yule wa mwisho. Gilbert White aliyaona mambo hayohayo waliyoyaona jirani zake. Tofauti ni kwamba aliuliza, akangoja, akapima, akaandika tarehe, na mahali asipojua alikiri kwamba hajui. Mkono aliouzoeza katika ujana wake kwa kuwapiga ndege wageni, aliuzoeza katika uzee wake kwa kushika kalamu, nao haukutetemeka.